Nusu ya Bati

Hirizi ya babu niliifungua mwenyewe, kwa wembe,
siku ya arubaini ya mama, nyumbani kwetu Langoni.
Shangazi Mwanashee akageukia ukutani asione.
Nilitarajia aya, zafarani, pengine ukucha wa chui.
Likaanguka bati mkekani,
nusu ya bati, ukingo mmoja umevunjika meno meno,
na tarakimu: 90417.
Mimi niliyeugua nayo surua, niliyefanya nayo mitihani,
kumbe mkononi nilikuwa nimemvaa mfungwa.

Sonara wa Mkomani aliisugua kwa ukwaju na majivu.
"Zinki," akasema. "Haina bei."

Nimekuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja.
Najua barua inavyopotea kwa herufi moja,
najua muhuri wa HAJULIKANI unavyolia juu ya meza.
Nikaandika Ujerumani, nikaandika Uingereza,
stempu nikizilamba mwenyewe, ulimi ukanata gundi.

Njiani nikajifunza mambo asiyekuomba mtu uyajue:
bati la mfungwa hutobolewa mstari wa matundu katikati,
namba juu, namba ile ile chini,
ili akifa livunjwe kama biskuti,
nusu iende naye udongoni, nusu iende ofisini.
Bati zima maana yake mwenyewe alitoka kwa miguu yake.
Ninayo mazima kumi na saba sasa,
nimeyanunua kwa Bakari Shombe wa vyuma chakavu kule Malindi,
anayepima kwa kilo, masufuria na vita pamoja.
Yamo katika kopo la maziwa ya unga.
Usiku nayamwaga kitandani, nayasoma,
mume wangu anasema nyumba hii imekuwa kambi.

Babu alikuwa mpiga makaa melini.
Meli ikatekwa; akakaa miaka minne penye theluji.
Aliporudi, tukimuuliza huko kulikuwaje,
alijibu neno moja: "Viazi."
Kisha anaomba maji.

Jibu lilifika mwaka wa tatu, bahasha imelowa pembeni.
Namba si yake.
*Sharo Combi, mzaliwa wa Melinde, kichomi, Februari.*
Babu alikuwa 90416.
Walisimama foleni moja, huyu mgongoni mwa huyu.

Basi nusu ya ofisini babu hakuifikisha ofisini.
Aliipitisha milango mingapi, ndani ya soksi, ndani ya shavu,
ikafika hadi Lamu;
na kutoka Lamu hadi Malindi, safari ya siku moja,
ikamshinda maisha yake yote.

Sharo Combi. Sikio la kizungu hilo.
Nikaenda Ganda kumtafuta Charo Kombe
nikawapata tisa, wanne wako hai, mmoja ananyonya.
Wakanipeleka kwa Kadzo, mpwa wa marehemu,
aliyekuwa akibangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu.
Alilishika lile bati kama sarafu anayoishuku.

"Huyu alimjia babangu ndotoni," akasema,
"akitetemeka. Akasema kuna baridi, nipeni mahali.
Tukamchongea kigango. Mti mgumu, kazi ya siku nne."
"Kiko wapi?"
"Kiliibwa. Mwaka ule wa mvua kubwa.
Tunasikia viko ng'ambo, kwenye nyumba zenye taa,
kila kimoja kimebandikwa namba."

Nililikumbuka kopo langu.
Nikatazama korosho.

Tulienda nyuma ya zizi. Shimo la nguzo lilikuwa bado lipo,
limeota mbigili. Akachimba kwa kisu cha jikoni,
akalilaza bati, akafukia, akamwaga tembo kidogo,
nami nikasogea upande, nikasoma fatiha kimoyomoyo,
sijui kama ilikuwa mahali pake.

Tukarudi kivulini. Akaniuliza alikufaje,
nikamwambia kichomi.
Alikuwa na rafiki? Nikamwambia alikuwa naye.
Walikuwa wakila nini huko, watu wa pwani?
Nikaomba maji.